Mali Bila Daftari: Historia Fupi ya Kurithi, Kuunganisha na Kubatilisha

Tuseme baba mmoja ameandika wosia unaotaja shamba, nyumba na mifugo, kila mali na mrithi wake. Miaka sita baadaye anaandika karatasi ya pili inayotaja nyumba tu: apewe binti wa mwisho. Baba anafariki dunia. Baada ya arobaini karatasi zote mbili zinasomwa, na ukoo unagawanyika. Upande mmoja unasema karatasi ya pili imefuta ya kwanza, kwa hiyo shamba na mifugo havina tena mrithi aliyetajwa. Upande wa pili unasema marehemu alibadili habari ya nyumba peke yake, na mengine yamebaki kama yalivyokuwa. Karatasi yenyewe haisemi lolote. Ndiyo maana mawakili walijifunza zamani kuanza wosia mpya kwa tamko la kufuta wosia zote za awali, au kuandika waziwazi kwamba waraka huu ni nyongeza tu.

Ugomvi huohuo umo ndani ya programu zinazoendesha seva za serikali, benki na hospitali. Tofauti ni kwamba huko hakuna ukoo wa kuketi barazani na kubishana. Kuna kanuni iliyoandikwa na mtu fulani miaka kadhaa iliyopita, na kanuni hiyo huamua kimyakimya kama neno la mwisho limeongezwa juu ya yale yaliyorithiwa au limeyafuta.

Wanafunzi wangu huniuliza kwa nini mwalimu wa historia ya siasa ajishughulishe na mambo ya mafundi wa kompyuta. Jibu langu ni kwamba mamlaka ya dola yanazidi kupita katika mafaili ya mipangilio. Sheria inaweza kutamka nani aone taarifa za mlipakodi au za mgonjwa. Lakini kinachomfungulia mtu mlango usiku wa manane, ofisi zikiwa zimefungwa, ni mstari mmoja wa maandishi ndani ya seva. Historia ya jinsi mistari hiyo inavyorithiana ni historia ya mamlaka, na inastahili kusomwa hivyo.

Jambo lenyewe

Mipangilio ni maelekezo yanayoiambia programu ifanye kazi namna gani bila programu yenyewe kuandikwa upya: itumie hifadhidata ipi, imruhusu nani, itunze kumbukumbu siku ngapi. Programu moja husimikwa mahali pengi: katika kompyuta ya mwandishi wake, katika seva ya majaribio, na hatimaye katika seva inayohudumia wananchi. Kurudia maelekezo yote kila mahali ni kazi bure na ni chanzo cha makosa. Kwa hiyo wahandisi huandika faili mama lenye maelekezo ya wote, kisha kila mahali hupewa faili dogo lenye tofauti zake. Faili dogo humrithi mama.

Kama faili mama linasema kumbukumbu zitunzwe siku 90 na faili dogo linasema siku 30, hakuna utata mkubwa. Idadi haiwezi kuwa mbili kwa wakati mmoja, na mara nyingi la karibu hulishinda la mbali. Ugumu huanza pale thamani inapokuwa mkusanyiko wa vitu.

Tuchukue mfano. Wizara imeorodhesha anwani tatu zinazoruhusiwa kuingia katika mfumo: ofisi kuu, mkaguzi na kituo cha dharura. Ofisi ya mkoa inataka na yenyewe iingie, basi inaandika katika faili lake dogo orodha yenye anwani moja, yaani yake. Ikiwa programu inaunganisha, zitakuwa anwani nne, na kila mtu ataendelea na kazi. Ikiwa programu inabatilisha, itabaki anwani moja. Mkaguzi atakuwa amefungiwa nje bila barua, bila kikao, na pengine bila mtu yeyote mkoani kufahamu.

Sasa tugeuze mfano. Katika orodha ya wizara imesalia anwani ya mkandarasi ambaye mkataba wake ulikwisha mwaka jana. Mkoa unaandika orodha yake mfupi kwa nia ya kumwondoa. Programu ikiunganisha, mkandarasi ataendelea kuingia huku mkoa ukiamini kwamba umemtoa. Kubatilisha hupoteza ulinzi uliorithiwa. Kuunganisha humnyima mrithi uwezo wa kukataa alichorithishwa. Hakuna kanuni kati ya hizo mbili iliyo salama kwa kila jambo.

Maneno mawili ya mwanzo

Mgawanyo wenyewe ni wa zamani. Katika mifumo ya Unix, mipangilio ya kompyuta nzima hukaa katika saraka ya /etc, na ya mtumiaji mmoja hukaa nyumbani kwake, katika mafaili ambayo majina yake huanza na nukta. Msimamizi aliweka ya wote, na kila mtu akarekebisha yake. Mpango huo ulitosha wakati kompyuta moja ilikuwa na watumiaji wachache na msimamizi aliyewajua kwa majina.

Mwaka 1984 ulianza mradi wa X katika chuo cha MIT, mfumo wa kuchora madirisha kwenye kioo cha kompyuta. Toleo lake la 11, la mwaka 1987, ndilo lililoenea duniani. Ndani yake kuna programu ndogo iitwayo xrdb, ambayo kazi yake ni kupakia mipangilio ya rangi, maandishi na vitufe. Programu hiyo ilikuja na amri mbili zilizotengana: moja inapakia mipangilio mipya na kuifuta iliyokuwapo, nyingine inaiunganisha na iliyokuwapo. Mtumiaji asiposema lolote, xrdb hufuta. Tangu zama zile, basi, ilijulikana kwamba haya ni matendo mawili tofauti yanayohitaji majina mawili. Ilijulikana pia kwamba mtu asipochagua, kuna mwingine aliyekwisha kumchagulia.

Nani ana neno la mwisho?

Sura ninayoipenda zaidi katika historia hii inahusu kurasa za intaneti. Oktoba 1994, Håkon Wium Lie, aliyekuwa akifanya kazi CERN, alipendekeza lugha ya kupamba kurasa ambayo baadaye, kwa ushirikiano na Bert Bos, ilikuja kuitwa CSS. Herufi ya kwanza ya jina hilo inasimamia neno lenye maana ya maporomoko: maelekezo hutiririka kutoka ngazi hadi ngazi. Kivinjari kina mapambo yake, msomaji ana yake, na mwandishi wa ukurasa ana yake. Yote huunganishwa, na pale yanapogongana huhitajika kanuni ya kuamua mshindi.

Toleo la kwanza liliidhinishwa Desemba 1996. Liliruhusu msomaji na mwandishi kuweka alama ya mkazo kwenye agizo lisilopaswa kupuuzwa. Lakini je, wote wawili wakiweka mkazo? Toleo la kwanza lilimpa ushindi mwandishi. Mei 1998 likaja toleo la pili, na kanuni hiyo ikapinduliwa: mkazo wa msomaji ukaushinda mkazo wa mwandishi. Sababu iliyotajwa ni mahitaji ya watu wanaohitaji maandishi makubwa au rangi zinazotofautiana vizuri ili waweze kusoma.

Tukae kidogo hapo. Kwa kugeuza utangulizi wa ngazi mbili, watu waliokaa katika kamati ya kiufundi waliamua kwamba haki ya mtu mwenye uoni hafifu kusoma inaushinda utashi wa mwenye ukurasa. Hawakutumia lugha ya haki za binadamu; walitumia lugha ya mpangilio wa ngazi. Hata hivyo uamuzi ulikuwa wa haki, na kabla yake kulikuwa na uamuzi wa kinyume uliodumu kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa bila watumiaji wengi kujua kwamba upo.

Ngazi za kiofisi

Mwaka 2000 kampuni ya Microsoft ilitoa Windows 2000, yenye utaratibu wa sera za vikundi. Watumishi wa umma wengi wanaishi chini ya utaratibu huo hadi leo, hata kama hawaujui kwa jina: ndio unaoamua kama unaweza kubadili picha ya kioo, kuchomeka kifaa cha kuhifadhia data, au kusimika programu mpya. Sera husomwa kwa zamu: ya kompyuta yenyewe, ya eneo, ya taasisi nzima, kisha ya kitengo. Inayosomwa mwisho, yaani iliyo karibu zaidi na mtumishi, ndiyo inayoshinda.

Ukiutazama utaratibu huo, utaona unafanana na muundo wa serikali. Kitengo kinaweza kuzuia urithi kutoka juu, kana kwamba kina madaraka ya ndani. Lakini ngazi ya juu inaweza kuitia sera yake muhuri wa ulazima, na hapo kizuizi cha kitengo hakifui dafu. Sera mbili zenye muhuri zikigongana, iliyo juu zaidi hushinda. Upo pia utaratibu wa pekee kwa kompyuta zinazotumiwa na watu wengi, kama za maktaba, ambapo msimamizi hutakiwa kuchagua moja kati ya maneno mawili: unganisha au badilisha. Ni yale yale mawili ya xrdb.

Hata hivyo kuna mtego mmoja ambao wasimamizi wapya hujikwaa nao. Mipangilio mingi ya sera tofauti hujumlishwa, kwa hiyo mtu huzoea kuamini kwamba kila kitu hujumlishwa. Lakini orodha ya watu wenye haki fulani kwenye kompyuta, kwa mfano haki ya kuingia, haijumlishwi. Orodha ya sera inayoshinda huchukua nafasi ya orodha nzima ya sera nyingine. Msimamizi anayeongeza jina moja chini anaweza kuwa amefuta majina yote ya juu.

Orodha na jedwali

Baada ya hapo zikaja zana za kusimamia seva kwa mamia: Puppet mwaka 2005, Ansible mwaka 2012. Kisha zikaja kontena za Docker mwaka 2013, na Kubernetes mwaka 2014. Mtu mmoja sasa aliweza kusimika programu katika seva elfu moja kwa amri moja, na kwa hiyo kosa moja la urithi likaweza kusambaa katika seva elfu moja.

Kila zana ilijibu swali letu kwa namna yake. Puppet, kupitia sehemu yake iitwayo Hiera, huchukua jibu la kwanza inalokutana nalo na kupuuza mengine, isipokuwa ikielekezwa kuunganisha. Na kuunganisha kwenyewe kuna aina zaidi ya moja. Ansible hubatilisha jedwali zima. Upo mpangilio wa kuigeuza iwe inaunganisha, lakini waandishi wake wenyewe wanashauri usiguswe bila sababu nzito, maana programu zilizoandikwa na wengine kwa kutegemea kanuni ya kawaida zinaweza kuharibika. Helm, inayotumika kusimika programu katika Kubernetes, huunganisha majedwali yenye jina na thamani, lakini orodha huibatilisha yote. Docker Compose hubatilisha amri ya kuanzisha programu, na papo hapo huunganisha orodha ya milango ya mawasiliano. Anayetaka kuufunga mlango uliofunguliwa na faili mama kwa kuandika mwingine katika faili dogo atakuta milango yote miwili iko wazi.

Kwa nini orodha isumbue kuliko jedwali? Kwa sababu katika jedwali kila thamani ina jina, na jina ni kitambulisho. Tukikuta "lugha: Kiswahili" juu na "lugha: Kifaransa" chini, tunajua tunazungumzia kitu kimoja. Katika orodha hakuna jina. Kompyuta haiwezi kujua kama kitu cha tatu chini ni kitu cha tatu juu kilichorekebishwa au ni kigeni kabisa. Oktoba 1994 haikuwa na jibu, na Oktoba 2014, ulipochapishwa mwongozo wa kimataifa wa kuunganisha data za JSON wenye namba 7396, jibu lililochaguliwa lilikuwa rahisi mno: orodha ibadilishwe nzima, na anayetaka kufuta kitu katika jedwali aandike thamani tupu. Kubernetes haikuridhika. Iliongeza utaratibu wake ambao hutambua kontena ndani ya orodha kwa majina yao, ili mtu aweze kurekebisha moja bila kuyafuta mengine.

Kufuta nako kuna tatizo lake. Katika systemd, inayowasha huduma za Linux nyingi za leo, anayetaka kubadili amri ya kuanzisha huduma aliyoirithi hulazimika kwanza kuandika mstari mtupu wa kufuta, ndipo aandike amri mpya. Wageni huuona ni usumbufu. Mimi nauona ni uungwana: programu inamtaka mtu atamke kwamba anafuta, kama wakili anavyomtaka mwandishi wa wosia atamke.

Sheria ilikwisha kulijua hili

Wanasheria hawatashangazwa na lolote nililolisema. Tanzania Bara hadi leo ina sheria inayotaja tarehe 22 Julai 1920 kuwa siku ya kupokelewa kwa misingi ya sheria za Uingereza, kwa kiasi ambacho mazingira ya nchi na watu wake yanaruhusu. Hilo ni faili mama lenye masharti. Haki za binadamu zilipoingizwa katika Katiba mwaka 1984, sheria za zamani hazikufutwa kwa pamoja. Mahakama zilipewa mamlaka ya kuzisoma kwa marekebisho yatakayozipatanisha na Katiba. Kenya ilifanya hivyohivyo mwaka 2010: Jedwali la Sita la Katiba linaendeleza sheria zilizokuwapo, na kuamuru zisomwe kwa mabadiliko yanayohitajika ili zilingane na Katiba. Huko ni kuunganisha, huku mshindi akiwa ametajwa.

Faida yake ni mwendelezo: nchi haikuamka asubuhi bila sheria ya mikataba. Gharama yake tunaijua pia. Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, iliorodhesha sheria 40 zilizohitaji kufutwa au kurekebishwa kwa kukandamiza uhuru wa watu, na baadhi yake zilikuwa za urithi wa kikoloni. Kilichounganishwa hubaki mpaka mtu akitaje kwa jina na kukiondoa. Ni mlango uleule wa Docker Compose unaobaki wazi kwa sababu hakuna aliyeufunga kwa tamko.

Lakini sheria ina jambo ambalo programu nyingi zilikosa kwa muda mrefu. Kifungu kikibadilishwa, kuna Gazeti la Serikali, kuna namba ya sheria, kuna tarehe na kuna aliyetia saini. Ukiuliza neno hili limetoka wapi, unaweza kujibiwa.

Kila mstari na mwenyewe

Programu zimeanza kuelekea huko. Zamani Debian iliweka desturi njema: toleo jipya likija na mipangilio mipya, na msimamizi alikuwa amebadili ya zamani, mfumo husimama na kumuuliza abakie na yake au achukue ya mtunzaji, na humwonyesha tofauti akitaka. Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, inaweza kuonyesha kila thamani imetoka katika faili lipi. Hatua kubwa zaidi ilifikiwa Agosti 2021, Kubernetes ilipokamilisha utaratibu wa kuunganisha mabadiliko upande wa seva. Humo kila uga una mwenyewe aliyeandikwa. Mwingine akijaribu kuubadili, mfumo hukataa na kumtajia mwenye uga huo. Akishikilia, anaweza kulazimisha, lakini umiliki huhamia kwake na jina lake huandikwa.

Utaratibu huo haujamaliza mabishano kati ya kuunganisha na kubatilisha, wala hauwezi. Ulichofanya ni kuyatoa gizani. Mgongano unaonekana, na anayeshinda anajulikana.

Hapo ndipo ninapoona kazi ya wasomaji wa ukurasa huu. Mtumishi wa umma anayepokea mfumo kutoka kwa mkandarasi asiridhike na mwongozo wa kubonyeza vitufe. Aulize: mipangilio ya mkoa inapogongana na ya makao makuu, ipi inashinda, na orodha zinaunganishwa au zinabatilishwa? Aombe kuonyeshwa matokeo ya mwisho baada ya urithi wote kukokotolewa, maana seva inatii matokeo hayo, hata kama kila faili lililoambatishwa kwenye mkataba linasomeka vizuri peke yake. Mkaguzi aulize kila thamani imewekwa na nani na lini. Mwanaharakati anayefuatilia faragha ya wananchi asiishie kusoma sera ya taasisi. Aulize kama sera hiyo ina muhuri wa ulazima au inaweza kubatilishwa na faili dogo la mtu mmoja. Na wewe mwanafunzi wa kompyuta, utakapoandika programu yako ya kwanza na kufika mahali pa kuchagua kanuni ya urithi, kumbuka kwamba wakati huo unatunga katiba ndogo. Iandike mahali ambapo watakaoishi chini yake wataiona.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakizungumzia duka na mashamba. Mkaguzi aliyefungiwa nje na mkandarasi aliyesahauliwa ndani wote ni mali na madeni ya umma, na daftari lao leo ni historia ya nani aliandika mstari upi. Taasisi isiyoweza kuonyesha daftari hilo haijui inamtii nani.